Kigoma: Tumelipa elfu 35 kila mmoja kutembelea mafundi, mafundi wenyewe hawakujua tunakuja

Wakuu, nina hasira tangu Jumamosi, na leo naimwaga hapa.

Dada yangu na shemeji walikuja kutoka Dar, mara yao ya kwanza kufika Kigoma. Gombe, ile hifadhi ya sokwe, ilitushinda bei na siku zao zilikuwa chache. Nikakutana na tangazo kwenye grupu la WhatsApp: ziara ya karakana za mafundi, Ujiji na vijiji vya jirani, sh. 35,000 kwa kichwa, usafiri humohumo, "sehemu ya fedha inakwenda kwa wasanii wetu". Hilo neno la mwisho ndilo lililonifanya nitume 105,000 ya watu watatu bila kuuliza swali.

Tukajazwa kwenye Hiace, watu 11. Hesabu yake ni 385,000. Ishikeni hiyo namba.

Tukaanza na makumbusho ya Livingstone, mwembe, Stanley na 1871, dakika ishirini tukatoka. Kisha ufukweni kwa mafundi mitumbwi. Kama hujawahi kuona mtumbwi wa mbao ukiundwa pale Ujiji, nenda ukaone. Fundi alikuwa anakalafati. Anachukua pamba, anaisokota kwa vidole, anaishindilia kwenye mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo, kidogokidogo, kutoka tezi mpaka omo, yaani nyuma mpaka mbele. Sehemu ya kidole kimoja ikisahaulika, wavuvi watakuwa wanachota maji usiku katikati ya ziwa. Na alikuwa na haraka. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikijaa watu wanakaa nchi kavu, kwa hiyo mwenye mtumbwi alikuwa anautaka majini kabla siku za giza hazijaingia.

Kiongozi wetu akamwambia, "Fundi, simama kidogo, wageni wapige picha."

Fundi akaweka nyundo chini, akatutazama, akauliza, "Hawa ni wageni wa nani?"

Hakuwa na habari! Tulimsimamisha karibu dakika arobaini, watu wanapanda mtumbwini na viatu, wanashika patasi yake wapige selfie. Yule analipwa kazi ikiisha, halipwi kwa kusimama. Tulipoondoka hakupewa hata ya maji.

Kwa akina mama wa mikeka sitakaa sana. Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi, ukili umesukwa siku nyingi kisha ukaunganishwa mmoja mmoja, mama anataka elfu thelathini. Mtu wa kundi letu anataka ampe kumi na mbili, na kiongozi anamsaidia mteja kubembeleza! Anayetuambia fedha inakwenda kwa wasanii ndiye anayemshusha msanii bei mbele yetu.

Jambo lililonikosesha usingizi ni la bibi mfinyanzi, upande wa Mwandiga. Tulimkuta uani kwake, amekaa kwenye gunia, miguu ameinyoosha. Tukamwamkia, akaitikia vizuri, akaonekana anajiuliza tumefuata nini. Hatumii gurudumu. Ana udongo aliouchanganya na vigae vilivyotwangwa ili chungu kisipasuke motoni, anausokota kama kamba nene, anauzungushia juu ya mwingine, kisha analainisha kwa gunzi la muhindi na mwisho kwa kijiwe kilicholainika kama sabuni. Kile kijiwe, alituambia, alikirithi kwa mama yake.

Kivulini kulikuwa na vyungu saba vibichi vinasubiri kukauka vichomwe. Kijana mmoja wa kundi letu akakinyanyua kikubwa kwa kukishika mdomo wake. Yeyote aliyekulia nyumba yenye mfinyanzi anajua chungu kibichi hakishikwi mdomo. Mdomo ukabaki mkononi, kilichobaki kikaanguka juu ya kingine. Vyungu viwili.

Kijana akasema pole. Kiongozi akasema, "Bibi, huo si ni udongo tu, utafinyanga kingine." Bibi hakugomba. Aliokota vile vipande, akavirudisha kwenye beseni la udongo, akavimwagia maji. Akaniambia mimi niliyekuwa karibu naye, "Mjukuu wangu, hivyo nilikuwa nivichome kesho kutwa, mwenyewe ameshaviagiza."

Nikampa elfu ishirini zangu. Kiongozi akampa elfu mbili. Hiyo ndiyo "sehemu ya fedha" niliyoiona kwa macho yangu siku nzima. Elfu mbili katika 385,000.

Ukienda Gombe unalipa kiingilio unapewa risiti, na kabla hujawaona sokwe unaambiwa masharti: kaa mbali, usiguse, usile mbele yao, ukiumwa mafua usiende. Sokwe anawekewa masharti ya kumlinda. Bibi wa watu, uani kwake, hakuna aliyetuambia hata usiguse.

Nilimbana kiongozi kwenye gari. Jibu lake: "Tunawatangaza bure." Anawatangaza kwa nani? Kwenye tangazo lake hakuna jina la fundi hata mmoja, hakuna namba ya kumpata, iko yake tu. Nikamuuliza leseni, maana Sheria ya Utalii ya 2008 inamtaka anayeongoza watalii kwa malipo awe nayo. Akasema hii si utalii, ni "kutembeleana". Risiti pia sikupata, nina meseji ya muamala tu.

Sipingi watu kwenda kwa mafundi. Nataka waende, tena wengi. Lakini mwenye ua aulizwe kwanza siku ipi inamfaa, apange mwenyewe kiasi cha kumlipa kwa muda wake, alipwe kabla watu hawajashuka garini, na kikivunjwa kitu kilipwe palepale. Fundi mitumbwi angetuambia tu tusubiri mbalamwezi, angekuwa na nafasi ya kutueleza kila ubao.

Jana tangazo limerudi. Jumamosi hii kundi lingine, bei imepanda mpaka elfu 40, na picha ya juu ni mikono ya yule bibi imeshika kile kijiwe. Nimepita kwake jioni nimuulize kama ameambiwa. Hajaambiwa. Kama kuna mtu humu ameshalipia, ampigie huyo kiongozi leo amuulize bibi atapewa shilingi ngapi, kisha aje aandike jibu hapa.