Malori ya Mwingereza yaliishia wapi?

Fundi_Cheshire
Wakuu habari, shikamooni kwa wakubwa. Mimi ni fundi wa malori hapa Cheshire. Jumapili nilipita kwenye maonyesho ya malori ya kale, nikakuta Foden ya magurudumu manane inang'aa kama bibi harusi. Mwenyewe akaniambia Foden na ERF zote zilizaliwa hapa hapa Sandbach. Lakini gereji kwetu ni DAF, Scania, Volvo tu. Ilikuwaje? Yalikuwa mabovu?

Utingo_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Mabovu hapana. Mimi nimeendesha Atkinson Borderer miaka minne, Preston kwenda Glasgow, injini Gardner 180. Lori na mzigo tani 32, nguvu za farasi 180, basi mlima wa Shap unaupanda taratibu, chungwa unamenya na kulimaliza hujafika juu. Ila Gardner haichoki. Dizeli inaonja tu. Katikati ya kebini kuna kifuniko cha injini, juu yake nimetandika blanketi kuukuu. Hapo naweka glavu, na sambusa za mama watoto ndani ya foili. Nikifika Carlisle zina moto kama zimetoka kwenye karai sasa hivi.

Tatizo lilikuja 1967, Waswidi walipoleta Volvo F86. Giaboksi ina sinkromeshi, yaani gia zinaingia zenyewe bila kugongana, kwa hiyo habari ya kukanyaga klachi mara mbili imekwisha. Kiti kizuri, kebini ina joto. Dereva akishakaa humo, nenda kamshushe! Halafu tajiri akitaka lori lenye Gardner anaambiwa akae foleni, injini hazitoshi. Mswidi lake liko kiwanjani, leta hela uchukue funguo.

Na Leyland, kampuni kubwa ya malori ya hapa, nao wakawa wanameza kila mtengenezaji. Albion 1951, Scammell 1955, AEC 1962. Mwaka 1968 wakaunganishwa na kina Austin, Morris na Jaguar, na Guy, mtengenezaji mwingine wa malori, akaja humo humo. Malori yanaleta hela, magari madogo yanazila. Mwaka 1975 serikali ikalibeba kampuni zima. Wakati huo jina la Leyland linabandikwa kila mahali, kama vile AEC na Guy hawakuwa na wenyewe. AEC ya Southall ikafungwa 1979, Guy ya Wolverhampton 1982, Scammell ya Watford 1988. Mimi naona kuunganisha ndiko kulikoua kuliko Mswidi, ingawa najua wapo watakaonibishia.

(Leyland walikuwa na tabia ya kuyapa malori majina ya wanyama. La magurudumu manane waliliita Octopus, yaani Pweza. Hapo nawapa heko.)

TK_Damu
Mzee nakubishia kidogo. Bedford hakumezwa na Leyland, alikuwa wa General Motors tangu mwanzo, na bado wakaacha kutengeneza malori 1986. Pale Dunstable walikuwa wanatoa malori kwa maelfu. Mimi fundi nililipenda lori lao la TK kwa jambo moja: injini iko nyuma ya kiti, unafungua kifuniko cha ubavuni nyuma ya mlango, unafanya kazi umesimama. Huinami, huinui kebini. Mgongo wangu unamshukuru hadi leo.

Utingo_Mstaafu
TK_Damu, umenipata. Bedford nilimsahau.

Fundi_Cheshire
Asanteni wazee. Na hawa wa Sandbach?

Utingo_Mstaafu
Hao ni ugomvi wa ndugu. Edwin Richard Foden aliona wakati wa dizeli umefika, wenzake kwenye kampuni wameng'ang'ania mvuke. Akatoka, 1933 akaanza ERF, mji ule ule! Foden baadaye wakahamia dizeli, lakini 1980 wakafilisika, Paccar, kampuni ya malori ya Marekani, wakanunua. Foden la mwisho lilitoka 2006. ERF waliangukia mikononi mwa MAN wa Ujerumani mwaka 2000, jina likafa 2007. Kilichobaki hai ni bendi ya tarumbeta ya Foden, inapiga mpaka leo na inapiga kwelikweli.

Halafu usizidharau hizo DAF. Paccar ndiye mwenye DAF, na ndiye aliyenunua kiwanda cha Leyland 1998. Hizo DAF LF ndogo mnazofungua ziliundwa mji wa Leyland, Lancashire, jirani kabisa na pale nilipokuwa naegesha Atkinson yangu.

Fundi_Cheshire
Kumbe! Ninavyoandika hapa LF mbili ziko juu ya shimo.