Rangi kwenye ujumbe wa kompyuta inapowaka: dmesg, journalctl au grep?

fundi_kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nahudumia kompyuta za Linux za ofisi kadhaa hapa Mwanza, nyingi ziko Mwaloni kwa wafanyabiashara wa dagaa. Umeme ukikatika na kurudi, kazi yangu ya kwanza ni kusoma mashine imesema nini ilipokuwa inawaka. Mistari ni mamia, na ule mmoja wa maana unapita bila kuuona. Nataka rangi inionyeshe. Naona njia tatu: `dmesg` (inaonyesha ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha mfumo), `journalctl -b` (kumbukumbu zote za mfumo tangu mashine iwake), au kupaka maneno mwenyewe kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno. Ninyi mnatumia ipi?

nyegezi_tux
Mkuu, mimi ni `journalctl -b -p err`. Inaleta makosa tu, tena mekundu. Na ukiandika `-b -1` unasoma kumbukumbu za kabla umeme haujakatika, jambo ambalo dmesg haiwezi. Hakikisha tu folda `/var/log/journal` ipo. Isipokuwepo, mifumo mingi huweka kumbukumbu kwenye RAM, na umeme ukienda nazo zimeenda.

dada_igoma
Kwa mashine dhaifu dmesg inatosha, kaka. `sudo dmesg -H` inaweka rangi na kukufungulia ukurasa kwa ukurasa. Ukiipitisha kwenye programu nyingine rangi zinaondoka, kwa hiyo andika `sudo dmesg --color=always | less -R`. Ila ukihifadhi kwenye faili la kumtumia mtu, achana na hiyo `always`, maana atapokea alama za rangi kama `^[[31m` katikati ya maneno na hatasoma kitu.

Rangi zenyewe zinabadilishika. Tengeneza faili `/etc/terminal-colors.d/dmesg.scheme`, ndani andika `err 37;41`. Makosa yatatoka kwa maandishi meupe juu ya nyekundu, hata ukiwa umesimama mbali na skrini unayaona.

mzee_wa_kerneli
Vijana, kabla hamjachagua amri, jueni rangi inatoka wapi. Kila ujumbe wa kerneli ya Linux una ngazi, kuanzia 0 ambayo ni ya hatari kabisa hadi 7 ya uchunguzi. Makosa ni 3, maonyo ni 4, taarifa za kawaida ni 6. Ngazi hiyo ameichagua aliyeandika msimbo, na yeye hajui shida ya Mwaloni. Tazama mistari hii miwili:

`ACPI BIOS Error (bug): Could not resolve symbol`
`EXT4-fs (sda2): recovery complete`

Wa kwanza ni ngazi ya 3, utawaka mwekundu kila siku kwenye laptopu ambayo haina tatizo lolote. Wa pili ni ngazi ya 6, maelezo yake yanabaki na rangi ya kawaida, na ukitumia `-p err` hutauona kabisa. Lakini ndio unaokwambia diski haikufungwa vizuri, yaani mashine ilizimika ghafla. Kwa mji wenye umeme wa kukatika, mimi naupa uzito huo wa pili. Ndiyo maana nachagua grep:

`sudo journalctl -b | grep --color -iE 'recover|orphan|I/O error|$'`

Ile `$` mwishoni inafanya mistari yote ibaki, ila maneno yako tu ndiyo yanapakwa rangi. Usiiondoe, kwa sababu mara nyingi chanzo cha kosa kiko mistari michache juu yake.

bsd_wa_ukerewe
Niongeze upande wa pili, mifumo ya BSD ambayo si Linux. OpenBSD inaandika ujumbe wa kerneli kwa meupe juu ya bluu, NetBSD kwa kijani. Hapo rangi inaonyesha nani anasema, kerneli au programu, wala si ukubwa wa tatizo. Mimi napenda hivyo.

dada_igoma
Mzee, shikamoo. Hapo kwenye ngazi nimekubali. Kingine, wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, hasa wanaume. Nawasifu systemd, programu inayowasha huduma za Linux, kwa hili: `[  OK  ]` ni kijani na `[FAILED]` ni nyekundu, lakini neno lenyewe lipo, asiyeona rangi anasoma.

fundi_kirumba
Mzee, shikamoo. Nimeiweka hiyo amri kwenye mashine ya mteja mmoja. `recovery complete` ipo kama ulivyosema, ila chini yake kuna hii, imejirudia:

`I/O error, dev sda, sector`

na namba ni zilezile.

mzee_wa_kerneli
Marahaba. Huo ni ngazi ya 3 na safari hii wekundu ni wa kweli. Sekta ileile ikijirudia, shuku diski yenyewe. Nakili vitabu vya mauzo kwenye diski nyingine usiku huu, kisha endesha `sudo smartctl -a /dev/sda`, inayosoma afya ya diski, uangalie namba ya mwisho (`RAW_VALUE`) ya `Current_Pending_Sector`, yaani sekta zinazoshukiwa kuharibika. Ikizidi sifuri, tuwekee hapa majibu yote.