Safari za wiki mbili za wanafunzi nje ya nchi: ziendelee au zifutwe?

Mwanamtaala
Wakuu, naleta hoja. Vyuo vingi vinamalizia bajeti ya kubadilishana wanafunzi kwenye safari za Ulaya za siku kumi hadi kumi na nne: wanafunzi ishirini, walimu wawili, basi la kukodi, vyuo vitatu vya kutembelea. Fedha hizohizo zingewapeleka wanafunzi wachache kwa muhula mzima, wakae darasa moja na wenyeji na wafanye mitihani ileile. Mimi nasema safari fupi zifutwe. Wiki mbili ni utalii wenye mhuri wa chuo.

Bibi Shajara
Hilo neno "utalii" silikubali hata kidogo. Erasmus+ wenyewe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, tangu 2021 wana programu fupi za siku 5 hadi 30 za kuwa pamoja ana kwa ana, kwa sharti kwamba kuwe na sehemu ya mtandaoni na krediti zisipungue 3. Piga hesabu: krediti moja ya Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Siku kumi za saa 8 ni saa 80, yaani krediti tatu hivi, kabla hujahesabu maandalizi na ripoti.
Safari inageuka matembezi pale ratiba inapojazwa vituo vinne kwa siku. Kundi linashuka, linasikiliza dakika arobaini, linapiga picha, linapanda basi. Weka vituo viwili, asubuhi kimoja na mchana kimoja. Jioni wape saa mbili za kuandika na kubishana, na kila mwanafunzi awe na swali lake la utafiti lililopitishwa kabla ya kuondoka. Asiye na swali asisafiri.

Kalamu Nyekundu
Bibi uko sahihi kuhusu ratiba, ila safari hizi hazifii kwenye ratiba, zinafia ubalozini, na mara nyingi ni uzembe wa wanafunzi. Wanatangaziwa mapema, wanaleta pasipoti siku za mwisho, ada ya viza ya euro 80 inaliwa bure. Anayekosa viza kwa kawaida amejitakia.

Mlango wa Pili
"Amejitakia"? Ndugu, hiyo kauli ifute. Kwanza ada ya viza ya Schengen (viza moja ya muda mfupi kwa nchi nyingi za Ulaya) ilikuwa euro 80, tangu Juni 2024 ni 90. Pili, mwanafunzi na mwalimu anayemsindikiza kwa safari ya masomo wamesamehewa ada hiyo na kanuni zenyewe za viza. Wanaweza kudaiwa malipo ya huduma ya kituo cha kupokea maombi, basi. Kama kundi lililipa, aliyejaza fomu hakujua sheria, na mara nyingi aliyejaza ni ofisi ya chuo.
Haya, angalia makosa yanayoangusha kundi. Maombi yanapelekwa nchi ya kwanza kutua badala ya ile mtakayokaa siku nyingi zaidi (nchi ya kutua inaangaliwa pale siku zinapolingana tu). Bima inanunuliwa ya nchi moja, wakati inatakiwa ya eneo lote la Schengen, isiyopungua euro 30,000, na ifunike kila siku ya safari. Barua ya mwaliko inasema tarehe 3 hadi 14, tiketi inasema 2 hadi 16, na siku tatu hazina maelezo ya malazi wala fedha. Hapo afisa anaweka alama kwenye kisanduku cha "madhumuni ya safari hayakuthibitishwa" kwenye fomu ya kukataliwa viza, na kisanduku hicho kinamwandama mwanafunzi kwenye maombi yajayo. Barua hiyo hakuiandika yeye!

Kalamu Nyekundu
Sijasema wote. Lakini pasipoti nani anaitunza? Iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka, iwe na kurasa 2 tupu. Hilo ni jukumu la mwenye pasipoti.

Mwanamtaala
Tumetoka nje ya mada, jamani. Haya ya viza yanaunga mkono hoja yangu: usumbufu wote huo kwa wiki mbili tu?

Tarakimu
Mkuu, unaongea kana kwamba muhula mzima hauna usumbufu. Ukizidi siku 90 unaingia viza ya taifa, na kila nchi ina masharti yake. Ujerumani tangu Septemba 2024 wanataka uthibitisho kwamba una euro 992 za kujikimu kwa kila mwezi, labda uwe na barua ya udhamini. Muhula wao wa baridi unaanza Oktoba, mihadhara inaishia Februari, mitihani mingine Machi. Kama nyumbani muhula unaanza Januari, mwanafunzi amepoteza miwili ili apate mmoja.
Halafu matokeo. Ujerumani 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu. Ufaransa ni juu ya 20, Italia 30 na kufaulu ni 18. Karani anayeingiza 1.3 kwenye mfumo ambao 5 ndiyo ya juu amemfelisha mwanafunzi bora wa darasa. Kanuni ya kubadili alama kwenda za Ujerumani ipo: alama ya juu toa aliyopata, gawa kwa alama ya juu toa ya kufaulu, zidisha 3, ongeza 1. Aliyepata 70 kwenye mfumo wa 100 unaofaulisha kwa 40 anapata 2.5. Kurudi nyumbani unaigeuza. Iandikwe kwenye mkataba wa masomo kabla ya safari, na wasaini wote watatu: mwanafunzi, chuo kinachotuma, chuo kinachopokea.

Bibi Shajara
Na kozi ikifutwa baada ya kufika? Hutokea sana. Mkataba urekebishwe wiki za mwanzo, kwa maandishi. Mkuu wa idara akikubali kwa simu tu, akihamishwa hakuna ushahidi.

Mlango wa Pili
Narudi kwa Kalamu, sijamaliza naye. Maombi yanafunguliwa miezi 6 kabla, mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, unaweza kufika 45. Kwa hiyo barua ya mwaliko iwe mkononi miezi mitano kabla, siku hiyohiyo ofisi ikague pasipoti zote ishirini, na miadi ishikwe wiki hiyo. Chuo kinachotoa barua wiki tatu kabla hakina haki ya kumwita mwanafunzi mzembe.

Kalamu Nyekundu
Kwa kundi ambalo barua ilichelewa, kauli naiondoa. Kwa aliyekaguliwa pasipoti miezi mitano kabla na bado hakuihuisha, naibakiza.

Mwanamtaala
Sawa. Basi anayekagua ni nani: idara, au ofisi ya uhusiano wa kimataifa?

Tarakimu
Ofisi. Idara ishughulike na kozi na alama, huko nako kuna kazi ya kutosha.