Naomba ushauri: keki isiyo na maziwa, nibadilishe nini?

MamaIliki (mleta uzi):
Wakuu habari za mchana. Naoka keki za oda hapa Temeke. Nina oda ya Jumamosi na mteja anataka isiwe na maziwa kabisa. Kawaida yangu natia siagi nusu kilo na mtindi kikombe. Nimewaza mtindi niubadilishe kwa tui, siagi niweke samli, juu nipambe kwa krimu. Itaumuka kweli? Mteja mwenyewe ana ndugu wengi, ikiharibika nimekwisha.

Fundi_Unga:
Kama unatumia bekingi soda, ule uchachu wa mtindi ndio unaoiamsha. Tui halina uchachu. Kwenye kikombe cha tui tia kijiko kikubwa kimoja cha siki au ndimu, acha dakika tano. Bila hivyo keki inalala na ladha inakuwa ya sabuni. Kama ni bekingi pauda, usihangaike, asidi imo humo humo.

Mjukuu wa Pangani:
Mpikie mkate wa kumimina umalize kesi. Mchele ulolowekwa, tui, sukari, hamira, iliki. Bibi yangu alikuwa akiupalilia makaa juu ya sufuria, mtaa mzima unajua leo kwa Bibi kuna nini. Maziwa hayakuwahi kuingia mle.

Kibuyu:
Siku hizi kila mtu ana masharti. Sisi tumekulia Longido kwa maziwa ya kibuyu, mifupa hii hapa. Mfundisheni mteja kula.

Nesi Mstaafu:
MamaIliki mdogo wangu, kwa nini hataki maziwa? Anafunga, tumbo linamjaa gesi, au ana mzio?

MamaIliki:
Nadhani ni tumbo tu dada. Mimi nilitaka kujua kuhusu kuumuka.

Nesi Mstaafu:
"Nadhani" hainitoshi. Anayekula ni nani?

MamaIliki:
Ni mtoto wake, anatimiza miaka mitatu. Mama mtu alisema akigusa maziwa anavimba midomo, na mara ya mwisho alipumua kwa shida wakamkimbiza hospitali. Ila krimu nimeshainunua na pakiti imeandikwa haina maziwa. Samli nayo maziwa yanakuwa yameshaungua. Ikishindikana, nina mtindi wa mbuzi.

Nesi Mstaafu:
Hapo sasa tunaongea. Huo ni mzio wa protini za maziwa. Gesi na kuharisha husababishwa na sukari ya maziwa, laktosi, ni jambo jingine kabisa. Samli hubaki na chembe za protini. Protini za mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, wengi wenye mzio wa ng'ombe zinawadhuru vilevile. Moto wa oveni usiutegemee. Na hiyo krimu igeuze usome nyuma: nyingi zinazodai hazina maziwa zina caseinate, nayo hutengenezwa kwa maziwa.

Chumvi_Kiasi:
Wadau, hii chai. Mara tumbo, mara hospitali, na mtindi wa mbuzi umetokea wapi Temeke? Mleta uzi anatafuta wachangiaji.

Kibuyu:
Nami nimeinusa. Muokaji wa oda asiyesoma pakiti?

MamaIliki:
Kaka zangu, sina muda wa kutunga. Mteja amelipa nusu na vitu nimeshanunua. Nilijua nikitaja hospitali mtaniambia nirudishe hela, na hela ya watu nimeshaitumia kwenye unga na mayai.

Fundi_Unga:
Awe anatunga asitunge, kuna mama mwingine anasoma hapa. Siagi ina mafuta kama asilimia 80, kwa hiyo nusu kilo ya siagi ni gramu 400 za mafuta ya kupikia, maji utaongeza kidogo. Mafuta hayapigiki na sukari yakashika hewa kama siagi, basi hewa itafute kwenye mayai: piga mayai na sukari mpaka yawe meupe na yajae bakuli, ndipo umimine mafuta polepole. Majarini nayo usiiamini mpaka usome, baadhi zina maziwa. Juu paka sukari ya unga iliyokorogwa na ndimu.

Nesi Mstaafu:
Na mwiko, mashine, ungo, sufuria, vyote vioshwe kwa sabuni kabla hujaanza. Siku hiyo usioke keki nyingine. Mpigie mama mtu umtajie kila unachotia, aamue mwenyewe. Tui lako ni la nazi ya kukuna au la unga?

MamaIliki:
La unga, la pakiti.

Nesi Mstaafu:
Soma nyuma.

MamaIliki:
Caseinate imo. Kwenye krimu pia imo. Mama wa mtoto nimempigia, anasema nazi mtoto anakula bila shida, na krimu hataki kuisikia. Naelekea Sterio kununua nazi. Ngapi zitatosha kikombe kimoja?

Mjukuu wa Pangani:
Moja kubwa iliyokomaa. Kuna, tia maji ya uvuguvugu kidogo, kamua tui la kwanza tu.

Chumvi_Kiasi:
Piga picha hizo pakiti dada, tuone majina.