Inatosha: acheni kuwahukumu wachezaji wa kikapu kwa plasi-mainasi ya mechi moja

Ndugu wanajamvi, nimevumilia kwa muda mrefu, lakini sasa nasema wazi kwamba nimechoshwa na tabia ya watu kukata kipande cha jedwali la takwimu, kuzungushia duara jekundu namba moja kwenye safu ya +/- (plasi-mainasi), kisha kutangaza kwamba mchezaji fulani ndiye aliyeipoteza mechi. Kila baada ya mechi za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ni hivyo, na siku hizi ugonjwa huo umehamia kwenye BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, na hata kwenye ligi zetu za mikoa, ambako kijana anaitwa mzigo kwa sababu ya mainasi ambayo hakuna aliyejisumbua kuuliza imetoka wapi.

Namba hiyo haisemi mnachodai inasema. Plasi-mainasi ni tofauti ya pointi kati ya timu na wapinzani katika zile dakika ambazo mchezaji yumo uwanjani, basi. Wamo pia wenzake wanne na wapinzani watano, na kila pointi huandikwa kwa wote kumi kwa uzito uleule, awe aliyefunga au aliyekuwa amesimama kona ya mbali. Ndiyo maana timu ikishinda kwa pointi 10, ukijumlisha safu nzima ya wachezaji wake utapata 50. Ushindi mmoja umehesabiwa mara tano, na wewe unachukua fungu moja na kulifanya mali ya mtu mmoja.

Chukulia pointi gadi (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa akiba anaingizwa mwishoni mwa robo ya pili pamoja na wenzake wa benchi, huku wapinzani bado wana kikosi chao cha kwanza. Anapenya, anawavuta mabeki wawili, anamwachia mwenzake mpira kwenye mstari wa pointi tatu akiwa peke yake kabisa, na mwenzake anakosa. Inajirudia, anakosa tena. Upande wa pili, mtu ambaye si yeye anayemkaba anatupa mipira mitatu ya mbali na yote inaingia, mmoja ukiwa umetupwa mkono wa beki ukiwa usoni kabisa. Dakika 3 tu, kijana ana mainasi 9, na hajakosea lolote. Robo ya nne, mechi ikiwa imeshaamuliwa na nyota wa upande wa pili wakiwa wamepumzishwa, anaingia mwingine, anacheza dakika 4 dhidi ya wachezaji wa akiba na kutoka na plasi 8. Asubuhi mnatuandikia kwamba huyu wa pili ndiye anayestahili kuanza!

Hili linaniuma kwa sababu wapo makocha na viongozi wanaoyafuata maneno haya. Katika timu moja ninayoifuatilia, beki bora wa kikosi aliwekwa benchi kwa hoja hiihii, ilhali kila mechi alikuwa akikabidhiwa mfungaji hatari zaidi wa wapinzani, na kwa hiyo dakika zake karibu zote zilikuwa dakika ngumu.

Sisemi takwimu hii ifutwe. Mchezaji Shane Battier alipokuwa Houston Rockets ya NBA, wastani wake wa msimu wa 2008/09 haukufika hata pointi 10, lakini klabu ilimthamini kwa kuwa timu ilicheza vizuri zaidi akiwa uwanjani, jambo ambalo pointi, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) na asisti (pasi za kufunga) zake zisingelionyesha. Lakini waliofikia hitimisho hilo hawakutazama mechi moja. Tangu mwaka 2004, mchumi Dan Rosenbaum alikwishaeleza plasi-mainasi iliyorekebishwa, ambayo huchukua maelfu ya vipande vya mechi na kuzingatia nani alikuwa na nani, dhidi ya nani, ndipo ikakadiria mchango wa kila mmoja. Hata hapo hesabu hugonga mwamba pale wachezaji wawili wanapocheza pamoja karibu muda wote, kama Stephen Curry na Draymond Green walivyofanya kwa miaka mingi pale Golden State, kwa sababu dakika za kuwatenganisha ni chache. Ikiwa NBA yenye mechi 82 za dakika 48 kwa kila timu inapata tabu hiyo, mtu anathubutuje kutoa hukumu kwa dakika 12 za BAL, ambako mechi ni za dakika 40 na msimu mzima ni mechi chache mno?

Kwa hiyo naomba, tena kwa msisitizo, kwamba anayetaka kuleta hapa plasi-mainasi ya mchezaji aandike pia alicheza dakika ngapi, na akina nani, dhidi ya kikosi kipi, na pointi zile zilifungwaje. Kama huna majibu hayo, mwache kijana wa watu.