Upanga wa zamani wa Kijapani ghalani kwa marehemu baba mkwe: tuanzie wapi?

Mama Gifu
Wakuu, habari za leo. Naishi mkoa wa Gifu, Japani, nimeolewa huku. Baba mkwe alifariki miezi miwili iliyopita. Juzi tukisafisha ghala lake tumekuta upanga mrefu kwenye mfuko wa kitambaa, ala yake ya mbao nyeupe isiyopakwa rangi. Tumeuchomoa shibiri moja tu. Bapa linang'aa na ule mstari wa mawimbi kando ya makali unaonekana, ila karibu na mpini kuna madoa ya kutu. Shemeji anataka kuusugua kwa msasa laini auuze. Mimi moyo unasita. Naombeni ushauri.

Mnoaji
Pole kwa msiba, dada. Mwambie shemeji aweke msasa chini kabisa! Ule mstari unaoupenda unaonekana kwa sababu mnoaji bingwa, wanayemwita togishi, alipitisha mawe mengi, moja laini kuliko lingine, kwa kazi ya wiki nzima na zaidi. Msasa ukipita mara moja unafuta yote hayo, na kuurudisha ni lazima chuma kingine kiliwe. Upanga wa miaka mia tatu umeshanolewa mara kadhaa, nyama yake si nyingi.

Kubwa kuliko yote ni msuka, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini. Mtaikuta na kutu nyeusi. Msiiguse, hata kwa kitambaa. Mtaalamu husoma umri wa upanga kwenye kutu ile, na jina la mhunzi, kama lipo, limechongwa hapo hapo. Msuka uking'arishwa, thamani imekwenda.

Mdau wa Osaka
Kabla ya yote, sheria. Huku upanga lazima uwe na cheti cha usajili. Tafuteni kwanza kwenye madroo ya mzee, familia nyingi zilisajili mwaka 1951. Kisipopatikana, pigeni simu polisi wa eneo lenu, waelezeni kwamba mmeukuta nyumbani, nao watawaambia muupeleke vipi. Wakishatoa hati ya kuukuta, unakwenda kukaguliwa na bodi ya elimu ya mkoa, ada yen 6,300. Panga za kiwandani za wakati wa vita hazisajiliwi. Shemeji asiuze chochote bila cheti.

Mama Gifu
Asanteni sana. Msasa nimeshaufungia. Na hiyo kutu, nisipake hata mafuta? Nina mafuta ya karafuu niliyoletewa kutoka Pemba, na nasikia Wajapani nao hutumia ya karafuu.

Bint Pemba
Hayo yetu usiyapake, mwanangu. Yale ya panga yananukia karafuu, lakini chupa za siku hizi kwa sehemu kubwa ni mafuta ya madini yenye karafuu kidogo. Nunua hayo kwenye duka la panga.

Unapouchomoa, makali yatazame juu, mgongo wa upanga ndio uteleze ndani ya ala. Ukiulaza ubavu unachana mbao, na vidole vyako viko hapo hapo. Usiongee ukiwa umeuinamia, mate yanaleta kutu. Kidole kisiguse bapa. Futa mafuta ya zamani kwa karatasi laini na alkoholi safi, kutoka mpini kwenda ncha, halafu paka mapya membamba sana. Ule unga wanaougongagonga kwenye bapa kufuta mafuta mimi siushauri kwa asiyezoea, ni unga wa jiwe na hukwaruza. Yakizidi mafuta yanatiririka ndani ya ala na kushika uchafu. Kila miezi sita inatosha. Uhifadhiwe umelazwa, pakavu. Madoa ya kutu mwachie mnoaji, na kwa bahati Seki iko mkoani kwenu, mji wa wahunzi wa panga tangu zamani.

Mama Gifu
Cheti kimepatikana! Kilikuwa ndani ya Biblia ya Kibudha ya mzee, yaani kitabu chake cha sala. Kimeandikwa Showa 26.

Mdau wa Osaka
Showa 26 ndiyo 1951 yenyewe. Basi polisi hamwendi. Linganisheni urefu, idadi ya matundu kwenye msuka ya kijiti kinachoushika mpini na maandishi yake na yaliyo kwenye cheti, mpini afungue mnoaji. Mrithi anatakiwa kuiarifu bodi iliyotoa cheti ndani ya siku 20. Zimeshapita, kwa hiyo mumeo apeleke taarifa wiki hii hii. Cheti kikae na upanga daima.