Simu hupita bure, kamera kubwa yaombwa kibali: tutapigia wapi picha Dar?

Wadau, naleta mjadala huu kwa sababu umenikaa rohoni tangu Jumamosi moja ya mahafali.

Nilikuwa na mteja, binti aliyemaliza diploma ya ukunga. Alikuja na baba, mama na wadogo zake wawili. Tukaingia kwenye bustani moja ya katikati ya mji, bustani ya umma isiyo na geti wala kiingilio. Nikatoa kamera, mdogo wake mmoja akanishikia rifleta, lile bamba la kurudishia mwanga usoni. Picha ya tatu sijapiga, mlinzi huyo. "Hiyo kamera kubwa ina kibali?" Nikamuuliza kibali kinatolewa wapi, ni shilingi ngapi. Ofisi hakuitaja. Alichotaja ni elfu thelathini, mkononi, bila risiti. Muda wote huo baba wa binti alikuwa begani kwangu anapiga kwa simu: mti uleule, joho lilelile. Mlinzi hakumsemesha hata neno. Tulipokataa kutoa, tukaambiwa tutoke. Mama akalikunja joho taratibu, akalitia kwenye mfuko, na picha za siku ile tukazimalizia kwenye ukuta jirani na kituo cha daladala.

Hoja yangu ni hii. Mahali pa umma pasipo na kiingilio, mpiga picha mwenye mteja mmoja na ndugu zake asidaiwe chochote kwa sababu ya ukubwa wa kamera. Cha kulipiwa ni kuwazuia wengine wasipatumie mahali hapo. Ukileta taa tatu, jenereta na watu kumi na tano, ukafunga njia kwa saa nzima, hapo lipa, tena ulipe vizuri.

Najua wasio kwenye kazi hii wanauliza: mji wote huu mnakosaje pa kupigia? Pa kupigia papo. Kinachokosekana ni mahali pazuri kwa saa nzuri. Dar tuko karibu na ikweta, jua likishachomoza halichelewi kupanda. Ikifika saa sita mchana mwanga unadondoka wima, macho yanazama kwenye kivuli cha paji la uso na pua inachora kivuli mdomoni. Mtu mzuri anatoka kama hajalala siku mbili. Kwa hiyo picha za nje zina nafasi mbili tu kwa siku: asubuhi mpaka kama saa mbili hivi, na jioni kuanzia saa kumi na moja mpaka magharibi. Mlinzi akikushikilia dakika ishirini za maelezo saa kumi na mbili kasorobo, amekumalizia kazi, hata kama mwisho atakuruhusu.

Halafu kuna suala la upande. Wateja wengi wananiambia, "Twende Coco jioni tupate jua likizama baharini." Ufukwe wa Coco unatazama mashariki. Jua linatoka baharini alfajiri, jioni linazama nyuma ya nyumba za Oysterbay. Jioni pale unapata mwanga laini, upepo na harufu ya mihogo ya kukaanga, na mimi napapenda sana, lakini jua juu ya maji hulipati. Ukilitaka inabidi uhamie upande wa pili wa rasi, unaotazama ghuba ya Msasani, kule Slipway. Na upande ule ufukwe mwingi una wenyewe: hoteli, migahawa, majumba ya watu. Sina ugomvi nao, mali yao, bei yao. Ninachosema ni kwamba fukwe na bustani za umma ndizo pekee alizobakiwa nazo mteja wa elfu hamsini, na ndiko anakofukuzwa.

Posta, pale katikati ya mji, Jumapili asubuhi ni hazina ambayo wengi hawaijui. Pita barabara ya Samora kabla ya saa mbili, karibu na Sanamu ya Askari iliyosimama pale tangu 1927. Barabara nyeupe, maduka yamefungwa, na ghorofa zinakinga jua hivyo mwanga unakuja umelainika wenyewe. Sihitaji hata rifleta. Ila nyuma ya mteja mara nyingi kuna benki au ofisi ya serikali, na hapo namwelewa mlinzi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inakataza kupiga picha maeneo yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi. Basi liwekwe bango, nilione, nigeuze kamera upande mwingine. Kunifokea mbele ya mteja hakuongezi usalama wa jengo.

Kwenye kulipa, msinielewe vibaya. Kijiji cha Makumbusho nalipa na sinung'uniki. Bei inajulikana, na zile nyumba za asili zinahitaji kuezekwa upya na kukandikwa kila baada ya muda. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilevile, ukitaka picha ya mahafali mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa kwenye noti ya mia tano, kile ni chuo, kina wenyewe, unaomba ruhusa kwanza.

Sasa niseme yale ninayoambiwa na wanaonipinga, maana baadhi yana uzito.

Kuna wanaosema sisi tunafanya biashara kwenye mali ya umma, kwa hiyo tulipe. Sawa, nina leseni ya biashara na kodi nalipa. Manispaa ikitaka kutusajili na kutupa kitambulisho cha mwaka kwa ada iliyo wazi, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Nisichokubali ni ada inayozaliwa mdomoni mwa mtu, leo elfu kumi, kesho hamsini kwa kuwa bibi harusi amekuja na gari zuri.

La faragha ndilo linalonifunga mdomo, na hapa wapiga picha wenzangu tuambizane ukweli. Nimeona mtu anampanga mteja Kariakoo, nyuma mama muuza mboga anajifunika uso kwa khanga, naye anaendelea kubonyeza. Faragha ya mtu inalindwa na Katiba, Ibara ya 16, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini hata bila sheria, yule mama amesema hapana kwa mkono wake. Sogeza kamera. Kama huwezi kuomba ruhusa kwa adabu, "Shikamoo mama, naomba kupiga picha hapa, wewe hutaonekana," basi usilalamike ukifukuzwa.

Na uharibifu pia. Tumewasha moshi wa rangi juu ya majani, tumepasua maputo tukaacha vipande ufukweni, tumekanyaga maua kutafuta pozi. Daraja la Tanzanite, tangu lifunguliwe 2022, kila wikiendi utakuta maharusi pale. Njia ya waenda kwa miguu ipo na inatosha kabisa, lakini kuna mpiga picha anashuka barabarani magari yakipita ili apate nguzo zote kwenye fremu. Nimemshika mmoja mkono nikamrudisha. Huyo akifukuzwa sitamtetea.

Bado hayo yote yanahusu tabia ya mtu, hayahusu kifaa. Mwenye simu naye anakanyaga maua. Na simu za siku hizi zinatoa picha inayotosha kuchapwa bango, kwa hiyo kumpima mtu kwa lenzi kumeshapitwa na wakati.

Ninachokitaka ni kidogo: kila bustani na ufukwe wa umma uwe na bango mlangoni. Liseme kipi ni bure, kipi ni cha kulipia, kiasi gani, na malipo yaende kwa namba ya malipo ya serikali, si kwenye simu ya mtu binafsi.

Semeni na nyinyi. Wapiga picha, mmedaiwa kiasi gani, na risiti mlipata? Wakazi wa mitaa tunayopenda kupigia, tunawakera wapi hasa? Na walinzi mtakaosoma hapa, nawaomba kwa heshima mtuambie: mlipopangiwa lindo, mliagizwa nini kuhusu kamera, na nani aliyewaagiza?